Kidole cha Nyuma

Mtaa wa Biashara, ghorofa ya pili,
juu ya duka la nepi na mablanketi ya watoto,
tumeitwa kupiga kura juu ya kanga.
Si kanga ya kujifunga: kanga ndege,
anayesimama mwaka wa tisa sasa
mgongoni mwa sarafu yetu ya fedha, wakia moja kamili.

Bwana Jethalal ametandaza michoro mipya mezani:
mawimbi ya mistari myembamba kuliko unywele,
herufi za kusomwa kwa lenzi tu,
namba inayojificha ukiielekeza sarafu dirishani,
ukiigeuza kidogo, inachungulia.
"Waghushi wa Kariobangi," asema, "hapa watapofuka."
Nduku, mhasibu, auliza bei ya kalibu.
Mimi ni mpimaji. Huulizwa mwisho.

Lugha yangu haijanisaidia katika kazi hii.
Fedha ni madini, fedha ni pesa,
neno moja lenye nyuso mbili,
na mghushi amepanga chumba katikati,
kwenye ukingo.

Namjua miaka minne, kwa mkono wake.
Uso sijauona. Naijua tindo yake
inavyoegemea kulia ikikaribia mkia.
Madoa ya kanga, mia moja na kumi na mawili,
ameyahesabu yote, hakuruka hata moja.
Uzito ameupata, kwa kuongeza unene
kiasi cha karatasi.
Lakini Mutisya, mchongaji wetu, marehemu,
siku ile alikuwa na homa, akasahau
kidole cha nyuma cha mguu wa kushoto.
Tulipogundua, elfu mbili zilikwisha kutoka.
Na yule mtu wa Kariobangi, jamani,
alimwonea ndege huruma.
Akamtilia kidole.

Hivyo ndivyo ninavyozijua bandia:
ni zile zisizo na kosa.

Jumanne alikuja Kemunto, muuguzi mstaafu,
na mkebe wa majani ya chai.
Sarafu kumi na tisa, akiba ya miaka sita.
"Nasikia mnabadilisha. Hizi zangu
zitaitwaje baadaye? Za zamani, au za mashaka?"

Sikuwa na jibu, nikashika mizani.
Nikazigonga moja moja kwa ncha ya kalamu,
zikalia ule mlio mrefu usiotaka kwisha,
mpaka ya kumi na nne.
Ilisema ko, ikanyamaza.
Nikaiwekea kipande cha barafu.
Juu ya fedha barafu haikawii,
huondoka kama mgeni aliyeona jiko limezimwa.
Hii ilikaa. Ilikaa kama mdai.
Nikainama na lenzi: vidole vyote vinne.

"Hiyo ndiyo nzuri kuliko zote," akasema.
"Ndege wake amekamilika.
Mkwe wangu aliileta siku ya mahari."

Chini mtu alikuwa akibishania bei ya shuka.
Maji yakatambaa hadi ukingo wa meza.
Nilimwambia. Nilivyomwambia, sitaeleza.
Aliifunga kwenye leso, peke yake, mbali na wenzake,
akauliza kama tunatoa risiti.

Sasa Bwana Jethalal ananitazama.
Badilisheni, nasema.
Tieni mawimbi, tieni namba ya kuchungulia,
yule jirani yetu apate usingizi kidogo mwaka huu.
Mwaka ujao atakuwa amejifunza, ana bidii.
Ila kidole msimrudishie ndege.
Na kalibu ya Mutisya msiiyeyushe,
iwekeni kabatini, ifungiwe, ipakwe mafuta:
siku moja mtu atakuja na sarafu kumi na nane
kuuliza zilizaliwa wapi,
na lazima awepo wa kuzikubali.

Nduku anaandika. Anasimamisha kalamu.
Anataka kujua
kama hiyo ni kura ya ndiyo
au ya hapana.